Kukadiria Umbali wa Angani na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Miji Miwili Iliyo Mbali: Mwongozo Kamili

Anayeuliza safari ya ndege kutoka Tokyo hadi Los Angeles huchukua muda gani anaweza kupewa majibu matatu tofauti, na yote matatu yakawa sahihi. Mmoja atamwambia saa 9 na dakika 40, kwa kuwa amehesabu muda ambao magurudumu hayagusi ardhi. Wa pili atamwambia saa 10 na ushei, kwa kuwa amesoma ratiba ya shirika la ndege. Wa tatu, aliyewahi kuipita njia hiyo, atamwambia ni saa 15 au zaidi, kwa kuwa amehesabu tangu alipofunga mlango wa nyumba yake hadi alipofungua mlango wa mahali alipofikia. Ukigeuza safari ikawa ya Los Angeles hadi Tokyo, majibu yote matatu yanabadilika tena, ingawa miji haikusogea hata hatua moja.

Umbali nao una tabia hiyo hiyo. Kuna umbali wa jiometria, ambao haubadiliki, na kuna umbali ambao ndege huupita kwa kweli, ambao hubadilika siku hadi siku. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuutoka ule wa kwanza na kuufikia wa pili, kisha kuugeuza kuwa muda, na hatimaye kuuhamisha muda huo kwenye saa na tarehe za mji unaokwenda. Mfano mkuu utakuwa Tokyo na Los Angeles, kwa sababu jozi hiyo ina karibu mitego yote. London na Sydney zitaingia tutakapofika kwenye safari za kuunganisha ndege.

Hatua ya kwanza: Tambua viwanja kabla ya miji

Ndege husafiri kutoka uwanja hadi uwanja, wala si kutoka mji hadi mji. London ina viwanja sita vinavyobeba jina lake: Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend. Tokyo ina viwili vikubwa, Haneda na Narita, na Narita iko takribani kilometa 60 kutoka katikati ya jiji. Katika safari ya kilometa karibu 9,000, tofauti hiyo haihisiki angani, lakini ardhini inaweza kukugharimu saa nzima ya treni.

Kila uwanja wa abiria una msimbo wa herufi tatu unaotolewa na IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege: HND ni Haneda, NRT ni Narita, LAX ni Los Angeles, LHR ni Heathrow. Ni busara kutafuta kwa msimbo badala ya jina, kwa kuwa majina hujirudia. Sydney ya Australia ni SYD, ilhali Sydney iliyo katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada ni YQY, na wapo wasafiri waliojikuta Kanada ilhali walikusudia kwenda Australia. San José ya Kosta Rika ni SJO na ile ya California ni SJC. Ukikosea hapa, hesabu yote inayofuata itakuwa sahihi kwa safari isiyo yako.

Baada ya msimbo, tafuta latitudo na longitudo za kila uwanja katika mfumo wa desimali. Tarakimu mbili baada ya nukta zinatosha, maana sehemu moja ya mia ya nyuzi ya latitudo ni kama kilometa 1.1 tu. Haneda iko latitudo 35.55 Kaskazini na longitudo 139.78 Mashariki, uwanja wa Los Angeles uko 33.94 Kaskazini na 118.41 Magharibi. Kwa desturi ya hesabu hizi, Kaskazini na Mashariki huandikwa kama namba chanya, na Kusini na Magharibi kama namba hasi, kwa hiyo longitudo ya Los Angeles itakuwa −118.41.

Hatua ya pili: Pata umbali mfupi kabisa juu ya tufe

Ukitazama ramani bapa ya ukutani, Tokyo na Los Angeles ziko karibu usawa mmoja, na macho yanakushawishi kwamba njia fupi ni mstari ulionyooka kuvuka Pasifiki kutoka upande mmoja hadi mwingine. Macho yanakudanganya. Chukua tufe la dunia, bana ncha ya uzi kwenye Tokyo, uvute uzi hadi Los Angeles na uukaze: utaona uzi unapanda kaskazini, unafika karibu latitudo 48, kisha unashuka. Njia hiyo huitwa duara kuu, kwa sababu ukiiendeleza mpaka izunguke dunia nzima, italikata tufe katika nusu mbili zilizo sawa. Kwa jozi yetu, anayefuata usawa wa latitudo kama ramani bapa inavyomshauri atasafiri takribani kilometa 9,300, na anayefuata duara kuu atasafiri takribani 8,810. Karibu kilometa 500 zinaokolewa kwa kuukubali mviringo wa dunia.

Hesabu yenyewe inahitaji kikokotoo chenye vitufe vya saini (sin) na kosaini (cos). Kwanza tafuta tofauti ya longitudo. Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo: 139.78 ukiondoa −118.41 ni 258.19, na tofauti inayozidi 180 ina maana kwamba umeizunguka dunia kwa upande mrefu. Ondoa namba hiyo katika 360, utapata 101.81. Kikokotoo kitakupa jibu lile lile la mwisho hata usipoiondoa, lakini ukitaka kuelewa njia inaelekea wapi, au ukijaribu kukadiria kwa macho, tofauti iliyozidi 180 itakupeleka upande usio wako.

Kisha tumia kanuni hii, ambamo L1 na L2 ni latitudo za viwanja viwili, T ni tofauti ya longitudo, na P ni pembe kati ya viwanja hivyo ikipimwa kutoka kitovu cha dunia:

kosaini P = (saini L1 × saini L2) + (kosaini L1 × kosaini L2 × kosaini T)

Kwa mfano wetu, sehemu ya kwanza ni 0.5814 × 0.5583, yaani 0.3246. Sehemu ya pili ni 0.8136 × 0.8296 × −0.2047, yaani −0.1382. Jumla ni 0.1864. Pembe ambayo kosaini yake ni 0.1864 ni nyuzi 79.25. Kila nyuzi moja ya duara kuu ni takribani kilometa 111.19, kwa dunia yenye nusu kipenyo cha wastani cha kilometa 6,371, kwa hiyo umbali ni takribani kilometa 8,810. Hakikisha kikokotoo kimewekwa kwenye nyuzi na si kwenye radiani, ambayo ni kipimo kingine cha pembe. Kosa hilo ni la kawaida mno, na dalili yake ni jibu lisilo na akili hata kidogo, kama vile pembe ya nyuzi 1.4 kwa miji iliyotenganishwa na bahari nzima.

Kanuni hii huichukua dunia kama tufe kamili, jambo ambalo si kweli. Dunia imebinyika kidogo kwenye ncha zake: nusu kipenyo ni kilometa 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Kosa linalotokana na hilo halizidi nusu asilimia, na kwa kukadiria muda wa safari halina uzito wowote, kwani upepo wa siku moja unaweza kuleta tofauti mara kumi ya hiyo. Asiyependa hesabu anaweza kuandika misimbo miwili kwenye tovuti ya Great Circle Mapper na kupata jibu pamoja na ramani. Hata hivyo, aliyewahi kuikokotoa mwenyewe mara moja hutambua haraka zaidi pale tovuti inapompa umbali wa uwanja mwingine.

Angalia pia vipimo. Marubani hutumia maili ya baharini, ambayo ni meta 1,852, na si maili ya barabarani ya meta 1,609. Umbali huo huo wa Tokyo na Los Angeles huandikwa kama 4,757 katika maili za baharini na 5,475 katika maili za kawaida, na kurasa nyingi huandika neno «maili» tu bila kusema ni ipi. Kwa ukaguzi wa haraka, kumbuka kwamba hakuna viwanja viwili duniani vinavyotengana kwa zaidi ya takribani kilometa 20,000, ambayo ni nusu ya mzingo wa dunia. Ukiona namba kubwa kuliko hiyo, umeoneshwa jumla ya safari yenye vituo, au kuna kosa.

Hatua ya tatu: Ongeza njia halisi

Ndege haiufuati uzi ule uliokazwa. Huondoka kwa kufuata mwelekeo wa njia ya kurukia, huzungushwa na waongozaji wa safari za anga, hupita kwenye nukta zilizopangwa, na hukwepa radi. Kwa safari ndefu ya kawaida, ongezeko la asilimia 2 hadi 5 juu ya duara kuu ni makadirio mazuri. Mimi hutumia asilimia 3 ninapokuwa sina habari nyingine, na kwa mfano wetu 8,810 inakuwa takribani 9,075.

Ushahidi mzuri wa ongezeko hilo ulipatikana Novemba 2019, shirika la Qantas liliporusha ndege ya Boeing 787-9 ikiwa na watu wachache kutoka London hadi Sydney bila kutua, kama safari ya utafiti. Duara kuu kati ya miji hiyo ni takribani kilometa 17,020. Ndege ile ilisafiri takribani kilometa 17,800 kwa saa 19 na dakika 19. Ongezeko lilikuwa kama asilimia 4.6.

Zipo sababu tatu zinazoweza kulikuza ongezeko hilo hadi likaharibu makadirio yote. Ya kwanza ni anga iliyofungwa. Tangu mwaka 2022, mashirika ya nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza na mengine kadhaa hayapiti katika anga ya Urusi, na Urusi imelala katikati ya karibu kila duara kuu linalounganisha Ulaya na Asia ya Mashariki. Safari ya Helsinki hadi Tokyo, ambayo kwa duara kuu ni takribani kilometa 7,800, ilikuwa ikichukua saa 9 na nusu hivi, na baada ya hapo ikawa takribani saa 13, baadhi ya safari zikipita juu ya Ncha ya Kaskazini. Historia hapa imejirudia: wakati wa Vita Baridi, ndege za Ulaya zilizokwenda Japani zilikuwa zikitua Anchorage, Alaska, na shirika la SAS lilianzisha njia ya Copenhagen hadi Tokyo kupitia Anchorage na Ncha ya Kaskazini mwezi Februari 1957. Kwa hiyo, unapokadiria safari inayovuka bara zima, usitazame umbali tu. Tazama uzi wako unapita juu ya nchi zipi, na shirika ulilokusudia linaruhusiwa kupita huko au la. Mashirika mawili yanaweza kuhudumia miji ile ile miwili kwa tofauti ya saa mbili kwa sababu hiyo pekee.

Ya pili ni masharti ya ndege zenye injini mbili, ambazo hazipaswi kuwa mbali na uwanja wa dharura kupita muda zilioidhinishiwa, mathalani dakika 180 za kuruka kwa injini moja tu. Katika bahari za kusini, ambako visiwa vyenye viwanja ni vichache, sharti hilo linaweza kuipindisha njia. Ya tatu ni upepo wenyewe, nao unastahili hatua yake.

Hatua ya nne: Gawanya kwa mwendo, kisha uusikilize upepo

Ndege kubwa za abiria za safari ndefu, kama Boeing 787 na Airbus A350, husafiri kwa takribani asilimia 85 ya mwendo wa sauti, ambayo katika kimo cha kilometa 11, penye baridi kali, ni karibu kilometa 900 kwa saa. Hiyo ni kasi ndani ya hewa. Hewa yenyewe inapotembea, ndege hubebwa nayo au huzuiwa nayo, na kasi ya kuipita ardhi huwa ni jumla au tofauti ya hizo mbili.

Katika latitudo za kati, kaskazini na kusini mwa ikweta, kwenye kimo kile kile zinakopita ndege, kuna mito myembamba ya upepo mkali inayotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Kasi yake mara nyingi huzidi kilometa 160 kwa saa, na wakati wa baridi inaweza kuzidi 300. Ndege inayokwenda mashariki hupata upepo wa nyuma, ambao mabaharia huuita wa tezi. Inayokwenda magharibi hukabiliana na upepo wa mbele, ule wa omo. Ndiyo maana safari ya kutoka Johannesburg hadi Sydney huchukua takribani saa 12 na ya kurudi takribani 14. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa na upepo wa dhoruba, ilhali safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6.

Kwa makadirio, si sahihi kuchukua kasi ya upepo pale ulipo mkali kabisa, kwa sababu ndege haikai ndani ya mto huo safari nzima. Wastani wa kilometa 50 hadi 100 kwa saa katika njia za mashariki na magharibi za latitudo za kati unatosha. Safari zinazokwenda kaskazini au kusini, na zile za karibu na ikweta, huathiriwa kwa kiasi kidogo kuliko hizo. Tuchukue 70 kwa mfano wetu. Bila upepo, kilometa 9,075 kwa 900 ni saa 10 na dakika 5. Kuelekea Los Angeles, kwa kasi ya 970, ni saa 9 na dakika 21. Kuelekea Tokyo, kwa kasi ya 830, ni saa 10 na dakika 56.

Msomaji makini atagundua kwamba upepo ule ule ulituokolea dakika 44 tulipokwenda na ukatugharimu dakika 51 tuliporudi. Si kosa la hesabu. Ndege inayopigana na upepo hukaa muda mrefu zaidi ndani yake, kwa hiyo hasara huwa kubwa kuliko faida, na wastani wa kwenda na kurudi daima huwa mrefu kuliko muda wa siku isiyo na upepo.

Kutokana na hayo, wapangaji wa safari hutafuta njia yenye muda mfupi, ambayo si lazima iwe yenye kilometa chache. Ndege inayotoka Los Angeles kwenda Tokyo inaweza kupanda kaskazini hadi karibu na Alaska ili kuukwepa mto wa upepo, na ile inayokwenda upande wa pili inaweza kushuka kusini ya duara kuu ili kuupanda. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, njia hupangwa upya kila siku kwa kufuata upepo: seti moja ya mchana kwa wanaoelekea magharibi na nyingine ya usiku kwa wanaoelekea mashariki. Na kwa miji iliyo karibu pande mbili za dunia, kama Singapore na New York zilizotengana kwa zaidi ya kilometa 15,300, safari ya kwenda na ya kurudi zinaweza hata kupita bahari tofauti. Airbus A350 iliyotengenezwa mahususi kwa masafa hayo huchukua karibu saa 19.

Hatua ya tano: Ongeza dakika za ardhini

Muda ulioandikwa kwenye ratiba huanza ndege inapoondolewa kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa. Ndani yake kuna kujiburuta hadi njia ya kurukia, foleni, kupanda polepole, kushuka polepole, na kujiburuta tena. Ongeza dakika 45 kwa yote hayo. Mfano wetu unakuwa saa 10 na dakika 6 kwenda Los Angeles, na saa 11 na dakika 41 kwenda Tokyo. Mashirika huongeza pia dakika za akiba ili ndege iliyochelewa kidogo ihesabike kuwa imewahi, na ndiyo sababu rubani hutangaza mara kwa mara, kwa sauti ya kujisifu, kwamba mmefika kabla ya wakati.

Hatua ya sita: Hamisha muda kwenye saa na tarehe

Hatua hii ndiyo inayowakosesha watu ndege, kwa hiyo inafaa kuifanya polepole. Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika: saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea na saa ya kufika ni ya mji wa kufikia. Njia salama ni moja tu, nayo ni kupitia saa ya kimataifa ya UTC. Geuza saa ya kuondoka iwe ya UTC, ongeza muda wa safari, kisha geuza jibu liwe la mji wa kufikia.

Tokyo iko saa 9 mbele ya UTC mwaka mzima. Los Angeles iko saa 8 nyuma wakati wa baridi, na saa 7 nyuma kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tuseme ni Januari na ndege inaondoka Tokyo saa 17:00. Hiyo ni 08:00 UTC. Ukiongeza saa 10 inakuwa 18:00 UTC, na Los Angeles ni saa 10:00 asubuhi ya tarehe ile ile. Abiria amefika saa 7 kabla ya kuondoka, kwa mujibu wa saa za ukutani. Safari ya kurudi hulipa deni hilo: kuondoka Los Angeles saa 11:00 ni 19:00 UTC; ukiongeza saa 11 na dakika 40 inakuwa 06:40 UTC ya siku inayofuata, na Tokyo ni saa 15:40. Mtu aliyeondoka Jumamosi asubuhi atatua Jumapili alasiri, na ratiba itaonesha alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika. Usiipuuze alama hiyo unapoweka nafasi ya hoteli.

Usidhani pia kwamba tofauti ya saa kati ya miji miwili ni namba isiyobadilika. Kati ya London na Sydney tofauti huwa saa 11, 10 au 9, kutegemea mwezi, kwa sababu London husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi ilhali Sydney huirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Aprili, na Oktoba hubadilishana tena. Zipo nchi zenye nusu na robo pia: India iko saa 5 na nusu mbele ya UTC, na Nepal saa 5 na dakika 45. Hata tarehe zinaweza kuhamishwa; Samoa iliivuka ijumaa nzima ya tarehe 30 Desemba 2011 ili ihamie upande wa pili wa mstari wa tarehe.

Kwa anayefikiri kwa saa za Kiswahili kuna tahadhari ya ziada. Tiketi hutumia mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, kwa hiyo 17:00 ni saa kumi na moja jioni na 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Hatari kubwa iko kwenye ndege za saa 00:30. Kwa lugha yetu, saa sita na nusu hiyo ni ya usiku wa kuamkia tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Tiketi ya tarehe 12 saa 00:30 inamtaka msafiri awe uwanjani jioni ya tarehe 11. Atakayefika jioni ya tarehe 12 atakuta ndege ilikwishaondoka karibu siku nzima iliyopita.

Hatua ya saba: Safari ya kuunganisha ndege

Jozi nyingi za miji iliyo mbali hazina ndege ya kuwaunganisha bila kutua, na hata neno «moja kwa moja» si dhamana. Ndege yenye namba moja inaweza kutua njiani ili kuongeza mafuta na kubadilisha abiria. Uliza kama ndege inatua mahali au haitui.

Unapochagua kituo cha katikati, kokotoa umbali wa kila kipande na uvijumlishe, kisha ulinganishe na duara kuu la moja kwa moja. London hadi Sydney ni takribani kilometa 17,020. Ukipitia Singapore, vipande ni takribani 10,880 na 6,300, jumla 17,180: kituo kimelala karibu kabisa juu ya mstari. Ukipitia Los Angeles, vipande ni takribani 8,760 na 12,050, jumla 20,810, yaani karibu saa nne za ziada angani kabla hujahesabu muda wa kusubiri. Kwa kawaida, kituo kinachoongeza chini ya asilimia 5 ni kizuri, na kile kinachozidi asilimia 15 kinahitaji sababu nyingine ya kukichagua, kama vile kusubiri kufupi au tofauti ya nauli.

Hebu tuijenge safari hiyo. Ni Januari, msafiri anaondoka London Jumatatu saa 21:00, ambayo pia ni 21:00 UTC. Saa 13 baadaye, saa 10:00 UTC ya Jumanne, anatua Singapore, ambako ni 18:00. Anasubiri saa 2, anaondoka 20:00, yaani 12:00 UTC, na baada ya saa 8 anafika Sydney saa 20:00 UTC, ambayo huko ni 07:00 ya Jumatano. Tofauti ya saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni saa 34. Ukiondoa tofauti ya saa 11 kati ya miji, safari halisi ni saa 23, na kati ya hizo ni 21 tu alizokaa ndani ya ndege.

Saa mbili za kusubiri zinatosha pale vipande vyote viwili vinapokuwa kwenye tiketi moja, kwa sababu mzigo huhamishwa na shirika, na ukikosa ndege ya pili shirika hukutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, hakuna anayewajibika kwako katikati: unaweza kulazimika kuingia nchini, kuchukua mzigo, kuukabidhi upya na kupanga foleni ya ukaguzi. Kwa hali hiyo sishauri chini ya saa 5, na hakikisha kwanza kama unahitaji viza ya kuingia katika nchi ya kituo.

Hatua ya nane: Linganisha na ratiba, kisha na safari zilizokwishafanyika

Makadirio yako yakishakamilika, yaweke kando ya ratiba ya shirika, halafu tazama kwenye ramani za kufuatilia ndege, kama Flightradar24, safari za siku chache zilizopita kwa namba hiyo hiyo ya ndege. Utaona njia iliyopitwa na muda halisi wa angani, ambao utatofautiana kwa dakika 20 au 30 kati ya siku na siku. Kwa muda wa mlango hadi mlango, ongeza saa 3 za kuwahi uwanjani kabla ya safari ya kimataifa, saa 1 au zaidi ya uhamiaji na mizigo unakofika, pamoja na usafiri wa ardhini pande zote mbili.

Makadirio yakipishana na ratiba kwa zaidi ya saa moja, anza kukagua alama za kujumlisha na kutoa kwenye longitudo, kisha saa za msimu kwenye miji yote miwili, kisha anga iliyofungwa njiani. Vyote vikiwa sawa na bado kuna saa moja na nusu au mbili zisizo na maelezo, isome tena ratiba: mara nyingi kwenye maandishi madogo kuna kituo kimoja cha kutua.